Kinako Katika Mtungi wa Plamu

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Naapa kwa kofia yangu ya kazi, ile ya bluu, niliyoivaa miaka thelathini na minane nikitoboa tikiti kwenye lango la stesheni. Sijaongeza chumvi. Chumvi yote iliyomo humu ilipimwa kwa kijiko, na mtaiona huko mbele. Likipatikana neno moja la uongo, adhabu yangu naitaja mwenyewe: nichote maji ya samaki kila asubuhi mpaka mwaka mpya, na bafu nisugue mimi.

Basi sikilizeni.

Katika mji wa Kuwabata, kwenye nyumba ndogo nyuma ya stesheni, aliishi bibi aitwaye Fusae pamoja na mume wake, Tokuji. Fusae alikuwa na miaka sitini na saba. Tokuji alikuwa mstaafu wa reli. Alikuwa mtu mtaratibu, mkweli, na mwenye sura ya kupendeza kwa umri wake.

Kila asubuhi Fusae alifagia mbele ya nyumba yake, kisha akafagia hatua mbili mbele ya nyumba ya jirani. Alipika wali na supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa. Halafu alianza kusugua. Alisugua sinki. Alisugua sakafu. Alisugua hata birika ambalo halikuwa na kosa lolote.

"Ipo siku utanisugua na mimi, unianike kwenye kamba," Tokuji alisema.

"Kaa hapo hapo bila kujitikisa uone," Fusae alijibu.

Mwezi wa nane, siku za kuwakumbuka marehemu, mjukuu wao Kozue alikuja na wazazi wake kutoka jiji kubwa. Kozue alikuwa na miaka saba. Jioni ile babu alimpeleka kwenye sherehe ya uwanja wa hekalu. Pale kulikuwa na kibanda cha kuvua samaki wa dhahabu. Samaki wadogo waliogelea kwenye karai pana, na mvuaji alipewa kijiko cha karatasi laini. Karatasi ikilowa sana hupasuka, na mchezo umekwisha.

Tokuji alivua samaki arobaini na mmoja kwa kijiko kimoja. Aliwarudisha wote, kwa kumhurumia mwenye kibanda. Naomba nisiulizwe maswali.

Kozue alirudi nyumbani na samaki watatu ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji.

"Bibi, tazama! Huyu mwekundu ni Yokani. Huyu mweupe ni Mochi. Na huyu wa rangi ya unga wa soya ni Kinako."

"Mbona umewapa majina ya vitafunio?" bibi aliuliza.

"Kwa sababu navipenda!"

Lakini kesho yake, wakati wa kuondoka, Kozue alisimama mlangoni na mfuko wake, macho yamejaa machozi. Kwenye ghorofa lao wanyama hawaruhusiwi, hata wa majini.

"Bibi, utanitunzia? Nitarudi mwezi wa tisa, tukija kusafisha makaburi."

"Nitakutunzia."

"Wote watatu?"

"Wote watatu."

Wakashikana vidole vidogo, kama watu wanavyoahidiana. Kozue akasema atakayevunja ahadi atameza sindano. Fusae akacheka, akakubali.

Ndani ya nyumba hamkuwa na chombo cha kufugia samaki. Fusae alitafuta kabatini, akapata mtungi mrefu wa kioo wenye mfuniko mwekundu. Ule ulikuwa mtungi wa kulowekea plamu kwenye pombe. Pombe yenyewe Tokuji alikuwa ameimaliza mwezi uliopita, kwa ajili ya afya yake.

Fusae aliuosha mtungi kwa sabuni mpaka ukang'aa. Aliujaza maji ya bomba mpaka shingoni. Akawamimina samaki, akauweka dirishani jikoni, jua liwapige vizuri. Akarudi nyuma hatua moja, akatazama. Ulipendeza kama pambo la dukani.

Baada ya saa chache samaki wote watatu walikuwa juu, shingoni mwa mtungi, wakifungua na kufunga midomo.

"Wananiita," Fusae alisema. "Wana njaa hawa."

Hapo nisimlaumu. Fusae alizaliwa kijiji cha chini ya milima, ambako maji ya chemchemi hupita ndani ya jiko la kila nyumba. Hutokea ardhini, hujaza birika la mawe, kisha hutiririka kwenda kwa jirani. Ndani ya birika wanaishi samaki wakubwa. Sufuria yenye masalia ya wali unaizamisha humo, samaki wanakula punje zote, unaitoa safi. Tangu utoto wake Fusae hakuwahi kuona samaki wa birika akiugua. Kwa hiyo alijua anachofanya. Aliwapa punje za wali asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya tatu alimkuta Yokani anaelea, tumbo juu.

Alimzika kwenye pembe ya bustani, chini ya maua ya urujuani. Jioni simu ikalia.

"Bibi, samaki wangu hawajambo?"

"Wazima kabisa!" Fusae alijibu haraka.

Aliweka simu chini, akabaki ameitazama. Alikuwa hajawahi kumdanganya mtoto.

Usiku ule alifikiri sana. Mbona samaki wa kwao walikuwa hawafi? Akapata jibu: kwao maji hayakusimama. Asubuhi akahamishia mtungi ndani ya sinki, akafungua bomba kidogo. Uzi mwembamba wa maji ukawa unaingia mtungini na kumwagika pembeni, mchana na usiku, kama chemchemi. Na kila asubuhi aliwatoa samaki, akausugua mtungi kwa brashi na unga wa kusafishia bafu, akawarudisha.

"Sasa mko kijijini kwangu," aliwaambia.

Siku ya kumi Mochi akafa.

Fusae alimtoa majini. Alimfunga kwenye karatasi nyeupe, akamzika karibu na mwenzake. Kisha aliingia bafuni, akafungua bomba ili sauti isitoke nje, akalia. Hakuna aliyemsikia.

Alipotoka, Tokuji alikuwa mezani na chai yake.

"Mke wangu, usijitese," alisema. "Twende dukani tununue wawili wanaofanana nao. Samaki ni samaki. Mtoto atajuaje?"

"Nyamaza."

"Au huyu mmoja tumwachie mtoni akajitafutie riziki, tuseme wote wamekwenda kusoma."

"Tokuji, nyamaza!"

Lakini lile la dukani lilimkaa kooni kama mwiba. Zilibaki wiki tatu Kozue arudi. Mtungini alibaki Kinako peke yake, na Kinako alikuwa amelala chini, ubavu mmoja.

Kesho yake asubuhi alikuja msoma mita wa maji. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, jina lake Misao, mwenye kofia pana na baiskeli nyekundu. Alifunua kifuniko cha chuma pale mlangoni, akachuchumaa, akaguna.

"Bibi Fusae! Kuna bomba mmeacha wazi huko ndani?"

"Hakuna, dada wa maji."

"Mbona kigurudumu cha mita kinazunguka? Na namba zimepanda kuliko kawaida yenu. Huenda kuna bomba limepasuka chini ya nyumba."

"Aa, kuna uzi tu. Uzi mdogo."

"Uzi gani huo unaozungusha mita yangu kama pia?"

Fusae akaona haya. Lakini alikuwa amechoka kubeba lile jambo peke yake, akamkaribisha jikoni. Misao alivua viatu, akaingia, akaona mtungi ndani ya sinki. Akaona uzi wa maji. Akamwona Kinako.

Hakuuliza ruhusa. Alinyoosha mkono, akafunga bomba.

"Bibi, nani amekwambia ufanye hivi?"

"Kwetu maji hutiririka. Samaki wa kwetu hawafi."

"Maji ya kwenu yanatoka wapi?"

"Ardhini."

"Yana dawa?"

"Dawa ya nini? Ni maji!"

"Haya. Ya bomba yana dawa, inaitwa klorini. Tunaitia sisi wenyewe, idara ya maji, ili iue vijidudu, wewe usiharishe. Kwako ni nzuri. Lakini samaki anapumua kwa yale matamvua yaliyo ndani ya mashavu yake, na dawa ile inayaunguza. Maji yakisimama kwenye ndoo wazi, dawa inapungua mpaka inaisha. Wewe ulikuwa unamletea dawa mpya kila dakika, mchana na usiku."

Fusae alikaa chini polepole.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewaua."

"Ulikuwa hujui, bibi. Mimi nilipokuwa darasa la tatu niliua kumi na wawili. Niliwatilia sabuni ya maua, ili wanukie."

"Wewe? Msoma mita?"

"Tena baba yangu anafuga samaki wa dhahabu, mabwawa manane kule Nakashiro. Alinifukuza mpaka barabarani."

Fusae akacheka, machozi bado yapo. Misao akainamia mtungi, akatazama chini.

"Wali huu ni wako?"

"Wangu."

"Na hivi vipande vya kahawia?"

"Hivyo sivijui."

Wanawake wawili wakageuka, wakamtazama Tokuji aliyekaa mezani. Tokuji alikuwa anatazama nje ya dirisha, kwa sababu kulikuwa na ndege.

"Labda panya," alisema.

Na kweli, siku zile mtaani kulikuwa na panya.

"Atapona?" Fusae aliuliza. "Niambie tu kweli. Nimemwahidi mtoto."

"Kuapa siwezi. Tujaribu," Misao alisema. "Nina nyumba arobaini na tatu za kusoma leo. Nitarudi mchana. Wewe chukua sufuria yako kubwa kuliko zote, chemsha maji dakika kumi bila mfuniko. Dawa itaondoka. Yaache yapoe kabisa."

"Mnamchemshia maji samaki?" Tokuji aliuliza. "Nilete vitunguu?"

"We mzee!" wakasema wote wawili.

Mchana Misao alirudi na boksi jeupe nyuma ya baiskeli. Lilikuwa boksi lile jepesi la muuza samaki wa kona, la kuwekea samaki na barafu.

"Hili ndilo litakuwa nyumba yake?" Fusae aliuliza. "Linanuka vibua!"

"Tutalisuuza mara kumi kwa maji ya moto, bila sabuni. Bibi, bila sabuni. Acha hiyo chupa."

Fusae akairudisha chupa ya sabuni. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe.

"Lakini mtungi wangu ni mzuri, na unamwona vizuri."

"Unamwona akikosa pumzi. Hewa inaingia majini kupitia juu, pale maji yanapogusana na hewa. Shingo ya mtungi ni nyembamba, kwa hiyo hewa inayoingia ni kidogo. Walipokuwa wakifungua midomo pale juu, walikuwa wanatafuta hewa."

"Nami nikawapa wali."

"Wali ukaoza, ukaila hata ile hewa kidogo iliyobaki. Chombo si lazima kiwe cha dukani. Beseni ni sawa, ndoo pana ni sawa, boksi hili ni sawa zaidi kwa sababu joto lake halibadilikibadiliki. Ila kiwe na mdomo mpana, na maji ya kutosha. Samaki mdogo mmoja, lita kumi. Wale watatu walitaka lita thelathini. Mtungi wako una ngapi?"

"Nane," Fusae alisema kwa sauti ndogo.

Maji ya sufuria yalikuwa yamepoa. Misao alimwonyesha jinsi ya kuyachota kwa upawa na kuyamwaga kutoka juu, mara nyingi, ili hewa irudi, maana kuchemka kunaitoa. Kisha wakapima chumvi ya kawaida, isiyo na kitu kingine ndani yake. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kila lita ya maji. Lita kumi, vijiko kumi. Hiyo ndiyo chumvi niliyowaambia.

"Chumvi ya nini tena? Si samaki wa baharini huyu," Fusae alisema.

"Ni ya mgonjwa. Inampunguzia kazi mwilini, apate nguvu za kupona. Akipona tunaiondoa kidogo kidogo."

Hawakummwaga kama alivyomwagwa mara ya kwanza. Walimtia Kinako kwenye mfuko na maji yake, wakauacha mfuko uelee ndani ya boksi nusu saa, joto lilingane. Kisha wakaongeza maji mapya mfukoni, kikombe kimoja, wakangoja, kingine, wakangoja. Mwisho akatoka mwenyewe. Akazama chini, akalala ubavu.

Boksi waliliweka penye ukumbi wa kuvulia viatu, kwenye kivuli, mbali na jua la dirishani. Juu wakatandika wavu, kwa sababu ya paka wa jirani.

"Sasa kazi ngumu," Misao alisema. "Siku tano usimpe chakula."

"Siku tano!" Fusae aliruka. "Mgeni ndani ya nyumba yangu akae siku tano bila kula? Watu watasemaje?"

"Watasema amepona. Tumbo lake halizidi jicho lake, bibi. Akianza kula, mpe chakula cha samaki, kidogo, anachomaliza kwa dakika mbili. Kinachobaki kitoe. Na maji usibadilishe yote. Weka ndoo mbili nje, wazi, zipate jua siku nzima. Kila siku ya tatu toa theluthi ya maji ya boksi, rudishia ya ndoo. Hakikisha ubaridi ni ule ule. Boksi usilisugue likang'aa. Kuna vijidudu vyema vinavyokaa pembeni na kula uchafu wake. Ukivisugua, umewafukuza wafanyakazi wako."

"Nisisugue," Fusae alirudia, kama mtu anayejifunza lugha ngeni.

"Na mtoni?" Tokuji aliuliza. "Angewekwa mtoni asingefaidi?"

"Babu, huyu amezaliwa bwawani kwa baba yangu au kwa mwenzake. Mtoni atakufa. Na asipokufa atakula mayai ya samaki wa pale na kuwaambukiza maradhi. Mtoni hapana."

Siku mbili za kwanza Fusae hakujua mikono yake aiweke wapi. Maisha yake yote alikuwa akipenda kwa kulisha na kusugua, na sasa ameambiwa asilishe wala asisugue. Akaweka kigoda kati ya viatu, akakaa pale, akamtazama Kinako akihema.

"Unamlinda asitoroke?" Tokuji aliuliza.

"Namlinda dhidi ya panya," Fusae alisema, na alimtazama kwa muda mrefu.

Ajabu ni kwamba tangu siku ile panya hawakuonekana tena.

Siku ya nne, alfajiri, Fusae alikwenda na ufagio wake kama kawaida. Alifunua wavu. Kinako alikuwa amesimama wima katikati ya maji. Mkia unapepea polepole. Fusae alipiga ukelele mpaka jirani akatoka na ndara moja tu mguuni.

Siku ya sita Kinako alikula punje tatu. Fusae alizihesabu. Misao alipita jioni baada ya kazi, akainama, akasema, "Huyu anadai maisha." Wakanywa chai palepale, kati ya viatu.

Siku mbili kabla Kozue hajaja, Tokuji alirudi kutoka dukani uso unang'aa.

"Mke wangu, wapo! Mmoja mwekundu, mmoja mweupe. Pacha wao kabisa! Boksi tukilijaza litatosha, si dada wa maji alisema lita kumi kumi?"

Fusae aliacha kukunja nguo. Alifikiria uso wa Kozue ukiona watatu. Alifikiria pia uso wa Kozue ukiona mmoja. Kisha akachukua nguo iliyofuata, akaikunja.

"Hapana," alisema. "Nimeshamdanganya mara moja kwenye simu. Bado inaniwasha."

Kozue alifika na mvua. Alitupa viatu, akaliona boksi, akapiga magoti. Akatazama. Akatazama tena kwenye pembe.

"Yokani yuko wapi? Mochi yuko wapi?"

Fusae alipiga magoti karibu naye.

"Walikufa, mjukuu wangu. Nilikuwa sijui kufuga. Niliwapa maji yenye dawa na wali mwingi. Na kwenye simu nilikuambia wazima. Ulikuwa uongo. Nisamehe."

Kozue alirudisha macho majini. Mvua ilisikika juu ya paa.

"Nilijua," alisema mwishowe.

"Ulijua?"

"Ulisema 'wazima kabisa' haraka sana. Wewe huwa unaongea polepole." Akajifuta pua kwa mkono. "Umewazika wapi?"

"Chini ya maua ya urujuani. Pamoja."

Kozue akaitikia kwa kichwa. Kivuli chake kilipita juu ya maji, na Kinako akapanda, akafungua mdomo kwake. Mtoto akashtuka.

"Bibi! Amenenepa!"

"Amenenepa," Fusae alisema.

"Sindano nakusamehe. Lakini unionyeshe unavyofanya. Vyote."

Basi bibi akamwonyesha. Wakaosha mikono kwa maji peke yake. Wakaingiza mkono kwenye ndoo, kisha kwenye boksi, kupima ubaridi. Wakatoa theluthi. Wakarudishia polepole kwa upawa. Kozue akaomba ampe chakula, akachukua punje moja tu.

"Hiyo ni chache mno," Fusae alisema, halafu akaziba mdomo wake mwenyewe. Wakacheka wote.

Sasa ni mwezi wa kumi na mmoja. Kinako ana urefu wa kidole cha shahada. Nyumba tatu za mtaani, ambazo nazo zilileta samaki wa sherehe na kuwatia kwenye mabakuli na mitungi, zimekuja kwa Fusae kuuliza, na anawaambia kwanza kabisa: wekeni sabuni chini. Mita ya maji imetulia. Mtungi wa plamu umerudi kwenye kazi yake.

Hapo ndipo nilipotaka kuweka nukta. Lakini jana niliziacha karatasi hizi mezani, nikaenda kunyolewa. Niliporudi, mke wangu alikuwa amevaa miwani.

Ndiyo, mke wangu ni Fusae. Kwa hiyo mnajua mimi ni nani.

"Sura ya kupendeza kwa umri wake," alisoma.

"Hayo ni maoni."

"Samaki arobaini na mmoja. Karatasi yako ilipasuka kabla haijagusa maji! Wale watatu Kozue alipewa na mwenye kibanda kwa huruma."

"Nilisema naomba nisiulizwe."

"Na hawa panya. Panya wanaokula biskuti za mchele za mchuzi wa soya, na kunywa chai?"

Nikatazama dirishani. Hakukuwa na ndege. Akafunua karatasi nyingine, akasoma kwa sauti ya chini, "'Akafungua bomba ili sauti isitoke nje, akalia. Hakuna aliyemsikia.'" Akavua miwani. "Kama hakuna aliyenisikia, wewe umejuaje?"

Kuta za nyumba yetu ni nyembamba. Siku ile nilikaa na chai yangu nikamsikia mwanzo mpaka mwisho. Nilijua kwamba kila alipogeuka nami nilivunja biskuti nikawatilia, kwa sababu walikuwa wakinifungulia midomo, na mimi nani amenifungulia mdomo kwa furaha tangu nilipostaafu? Nilimwacha aamini kuwa kosa lote ni lake.

"Nilikusikia," nilisema. "Na biskuti zilikuwa zangu."

Fusae alikunja karatasi vizuri, akanirudishia.

"Andika na hilo," alisema. "Halafu ndoo ziko nje."

Nimeandika. Leo asubuhi kulikuwa na baridi, na ndoo ya kwanza ilikuwa nzito, na ya pili nzito zaidi. Mwaka mpya bado siku thelathini na nane. Fusae alitia mkono kwenye ndoo, akatia kwenye boksi, akasema maji yangu ni baridi mno, niyaache ndani kwanza. Basi nikaenda kusugua bafu.